Mguu wa Shemasi Pettway

Matokeo yalitoka Taliyah Gaines akiwa bafuni nyumbani kwao katika mji mdogo wa Eufaula, mlango kaufunga kwa komeo na bomba kalifungulia ili asisikike akihema. Kemia, D. Baiolojia, C. Hesabu, C ya mkiani. Kiingereza peke yake ndicho kilichomwonea huruma kikampa B. Aliizima simu, akaiwasha tena, kana kwamba zile herufi zingeona haya zikajibadilisha zenyewe. Chini yake palikuwa na ujumbe wa mshauri wa masomo, umeandikwa kwa adabu zote: muhula ukifunguliwa afike ofisini, wazungumze kama njia ya udaktari ndiyo inayomfaa.

"Taliyah!" Mama yake, Renita, aligonga. "Unaoga au unafua mazulia humo ndani? Baba yako anataka kunyoa ndevu."

"Natoka, Mama."

"Na hayo matokeo vipi? Mtoto wa Denise kapata yake tangu jana."

Maji yaliendelea kumwagika. Taliyah alijitazama kwenye kioo kilichofunikwa na mvuke, akashukuru kwamba hajioni vizuri.

"Yametoka," alisema. "Mazuri."

"Mazuri vipi?"

"Mazuri tu, Mama. Yaani, mazuri."

Akamsikia mama yake akikimbia ukumbini na ndara zake. "Curtis! Yametoka! Mtoto kafanya vizuri!"

Hakusema A. Baadaye, alipotafuta pa kujitetea, alilishika hilo kwa mikono miwili: kwamba mdomo wake haukutamka A. Lakini alipofungua mlango, baba yake alikuwa amesimama pale na povu la sabuni nusu uso. Akamkumbatia hivyo hivyo na povu lake, akauliza, "A zote?" Taliyah akacheka, akajifuta shavu. Uongo ulikuwa ndani ya kicheko kile.

*

Curtis Gaines alikuwa kinyozi, na kinyozi akijua jambo, mji umelijua. Siku hiyo hiyo alimchukua binti yake hadi dukani "ukasalimie wazee," na kabla koti halijamtoka mabegani wazee walikuwa wameshaanza.

"Daktari kaingia! Fungeni midomo, msije mkaambiwa mng'olewe meno."

"Daktari, hebu niangalie hapa shingoni. Hiki kidude kimeota tangu Oktoba."

"Hicho si kidude, Elbert, hicho ni kichwa cha pili. Kimechoka kukungojea utumie cha kwanza."

Duka zima lilicheka. Curtis alipiga kiti kwa taulo. "Pangeni foleni, waungwana. Mwanangu kapata A tupu huko chuoni. Hatibu watu bure."

"A tupu?" Elbert alimtazama Taliyah juu ya miwani yake. "Kemia pia? Maana mimi kemia ilinitoa jasho hadi kwenye soksi."

"Kemia pia," alijibu Curtis.

Taliyah aliinama akaokota gazeti sakafuni, akalikunja vizuri kuliko gazeti lolote linavyostahili kukunjwa. Alikuwa akiliona lile darasa la kemia la chuoni: watu mia tatu wamepangwa kama uwanja wa mpira, mhadhiri mbali kule chini, na msichana wa pembeni yake akipiga miayo kwa sababu hayo yote alishayasoma sekondari. Taliyah aliyasoma wapi? Mwalimu wake wa kemia aliacha kazi kabla ya Krismasi, na kocha wa mpira ndiye aliyemaliza mwaka kwa kuwaonyesha filamu. Chuoni kulikuwa na chumba cha masomo ya ziada, bure kabisa, ila mlango wake ulikuwa wa kioo, na kila apitaye korido aliwaona walioshindwa. Alipita mbele ya mlango ule muhula mzima. Hakuingia hata mara moja.

*

Jumapili iliyotangulia Krismasi, kanisa la Mlima Sayuni liliwaita mbele wanafunzi wote waliorudi kutoka vyuoni. Walikuwa watano. Mchungaji Hollis alipitisha kipaza sauti, kila mmoja aseme Mungu amemtendea nini.

Mtoto wa Denise, Jarvis, alikikamata kama anakula mahindi. "Nimefaulu masomo matatu," alisema. "La nne nimeanguka. Hesabu. Nimeanguka hadi chini kabisa, Mchungaji."

Kanisa likacheka. Bibi mmoja wa benchi la mbele akapaza sauti, "Inuka, mwanangu, urudie!" na watu wakaitikia Amina, wakampigia makofi. Jarvis akatabasamu, akampa Taliyah kipaza sauti, kikiwa bado na joto la mkono wake.

Pale angeweza kusema. Jarvis alikuwa ameshamfungulia mlango na kumshikilia. Alivuta pumzi. Baba yake akainuka kutoka benchini, katika suti yake ya rangi ya kahawia, akatangulia: "A zote, Mchungaji! Asione haya kusema. A zote!"

Makofi ya safari hii yalikuwa mengine. Akina mama walisimama. Dada Lorene Pettway, mkuu wa kundi la akina mama, alikuja mbele na sanduku lenye utepe mwekundu. Ndani mlikuwa na stetoskopu mpya, mpira wake mweusi unang'aa. Walikuwa wamechangishana. Dada Lorene akamvisha shingoni kwa mikono yake mwenyewe, akambusu paji la uso.

"Wa kwanza kutoka kanisa hili," alisema. "Tusipofika sisi, wewe utafika."

"Asante, Mama Lorene," alisema Taliyah. Sauti yake ilitetemeka, na watu walidhani ni unyenyekevu.

*

Baada ya ibada waliteremka kwenye ukumbi wa chini kula. Kulikuwa na kuku wa kukaanga, makaroni ya jibini, mboga zilizochemshwa na nyama ya moshi, pai za viazi vitamu. Taliyah alikuwa na sahani mkononi alipoitwa na Shemasi Luther Pettway, mume wa Dada Lorene. Mzee alikuwa ameketi pembeni, mguu mmoja kaunyoosha juu ya kiti.

"Njoo hapa, daktari. Nimekungojea wewe tu."

"Luther, mwache mtoto ale," alisema mkewe.

"Atakula. Mguu huu haumalizi dakika mbili." Akapandisha suruali. Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba kuanzia gotini kwenda chini, ngozi imekaza, inang'aa. "Nilikwenda Detroit kumzika dada yangu. Nikarudi kwa basi, usiku kucha na mchana kutwa. Tangu nishuke uko hivi. Lorene anataka kunikokota kliniki kesho. Mimi nikamwambia, kliniki ya nini na daktari wetu yuko nyumbani?"

Watu walikwishaanza kukusanyika, sahani mikononi. Curtis naye alisogea, akasimama nyuma ya binti yake, mikono kifuani. Taliyah akapiga magoti. Akaugusa mguu. Ulikuwa wa moto, na ule wa pili ulikuwa baridi tu kama mguu wowote wa mzee mwezi wa Desemba.

"Unauma?"

"Ukibonyeza hapo, ndiyo. Hapo hapo. Aaah."

"Msikilize moyo!" alisema mtu. "Si una chombo?"

Akaweka stetoskopu masikioni. Aliigusisha kwenye shati la mzee, mahali alipodhani moyo unakaa, akasikia dum, dum, dum, na ndani ya hiyo dum hakusikia chochote ambacho yeyote kati yao asingesikia. Akajidai kuhesabu. Ukumbi ulinyamaza kwa heshima, na kunyamaza kule kulimchoma kuliko kelele.

Alijua kwamba hajui. Hilo lilikuwa wazi kichwani mwake kuliko kitu chochote alichojifunza muhula ule. Lakini neno lenyewe, "sijui," lilikuwa dogo sana na baba yake alikuwa karibu sana.

"Moyo uko sawa," alisema. "Mguu huu, ni msuli umevutika. Kukaa sana kwenye basi. Mkandeni na maji ya moto, mchueni asubuhi na jioni, na ajitahidi kutembea."

"Si nilikwambia?" Shemasi alimgeukia mkewe. "Msuli!"

Dada Lorene hakucheka. Aliinama karibu na Taliyah, akauliza polepole, kama mtu anayeuliza njia mahali asipopafahamu. "Kwa hiyo kesho tusiende kliniki? Niambie kweli, mwanangu. Wewe ndiye unayejua."

Taliyah alihisi kiganja cha baba yake kikitua begani.

"Mnaweza kusubiri," alisema.

*

Jumatano, jikoni kwake, Shemasi Pettway alisimama kuchukua kikombe cha kahawa, akashika kifua, akaanguka. Renita ndiye aliyepigiwa simu. Waliingia garini wote watatu, Taliyah akiwa bado na ile sweta yake ya Krismasi yenye picha ya paa wa pua nyekundu. Njiani Curtis aliomba kwa sauti. Taliyah hakuweza kuomba. Alikuwa akiutafuta mguu ule kwenye simu: uvimbe wa upande mmoja, joto, safari ndefu. Jibu lilikuwa kwenye mstari wa kwanza kabisa. Halikuhitaji hata mwaka mmoja wa chuo.

Dada Lorene alikuwa chumba cha kusubiri, koti lake kalivaa juu ya gauni la kulalia. Renita alimkumbatia. Daktari akatoka, mwanamke kijana mwenye macho ya usingizi, akaketi mbele yao.

"Yuko hai," alisema kwanza. "Damu iliganda mguuni, bonge likakatika, likapanda hadi kwenye mapafu. Tumempa dawa za kuyeyusha. Saa zijazo ndizo zitakazotuambia. Mama, mguu ulikuwa umevimba kwa muda?"

"Tangu wiki iliyopita."

"Mlifanya nini?"

"Tulikuwa tunauchua," alisema Dada Lorene. "Asubuhi na jioni. Kwa nguvu, na maji ya moto. Tulielekezwa na daktari."

Daktari aliacha kuandika. "Mguu wa namna ile hauchuliwi, mama. Daktari gani aliwaelekeza?"

Dada Lorene aligeuza uso wake akamtazama Taliyah, na kila mtu chumbani akageuka akamtazama Taliyah, pamoja na yule paa wake wa pua nyekundu.

"Wewe unasoma udaktari?" aliuliza daktari. "Mwaka wa ngapi?"

"Muhula wa kwanza."

"Wa chuo cha udaktari?"

"Hapana. Wa chuo tu. Udaktari bado. Ni miaka minne kabla ya... bado sijaanza."

Kama daktari yule angefoka, ingekuwa nafuu. Aliitikia tu kwa kichwa, "Sawa," akamgeukia Dada Lorene, na tangu hapo akaongea kana kwamba kile kiti cha Taliyah hakina mtu.

Curtis ndiye aliyeshindwa kuvumilia. "Samahani, daktari," alisema, akijinyoosha. "Huyu si mtoto wa kubahatisha mambo. Ana A zote. Muulize yeyote. Huenda mguu wenyewe ulikuwa..."

"Baba, sina."

"Nyamaza, naongea na..."

"Sina A, Baba. Sina hata moja. Kemia nimepata D."

Televisheni ya ukutani ilikuwa inatangaza zawadi za dakika za mwisho. Curtis alimtazama binti yake kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake. Akavua kofia. Akaivaa tena.

"Ulinicheka," alisema. "Pale mlangoni mwa bafu nilikuuliza, ukacheka."

"Ndiyo."

Dada Lorene aliinuka. Alikuwa mwanamke mfupi, na Taliyah alikuwa amekaa, kwa hiyo macho yao yalikuwa sawa sawa.

"Siku ile nilikuuliza, nikakwambia uniambie kweli. Ulijua kuwa hujui?"

"Nilijua."

"Na ukaniambia nisubiri."

"Ndiyo, Mama Lorene."

"Usiniite mama. Ondoka mbele yangu."

*

Krismasi ilipita nyumbani kwa akina Gaines kama mgeni asiyekaribishwa kiti. Zawadi zilifunguliwa, asante zikasemwa. Curtis alikwenda dukani akarudi, akala, akalala. Renita alisema mara moja tu, akiosha vyombo na mgongo kaugeuza: "Nilikuwa nyuma ya mlango, Taliyah. Mlango mwembamba ule. Ungeniambia mimi."

"Ulikuwa umefurahi, Mama."

"Sikuwa nimefurahi bado. Nilikuwa nauliza."

Shemasi Pettway hakufa. Habari ilipokuja kwamba ametolewa mashine ya kupumulia na anagombana na wauguzi juu ya chumvi, Renita alipika makaroni, akaifunika sahani kwa karatasi ya foili, akampa binti yake. "Peleka mwenyewe."

Mzee alikuwa kitandani, mdogo kuliko alivyokuwa kanisani. Dada Lorene alikuwa dirishani akifuma, na hakuinua macho.

"Daktari," alisema Shemasi, halafu akajikohoza. "Taliyah."

"Nimekuja kuomba msamaha, Shemasi. Sikujua chochote kuhusu mguu ule. Niliona aibu kusema."

Mzee alijisogeza kwenye mto. "Unajua kwa nini nilikuuliza wewe? Si kwa ajili ya A zako. Naogopa kliniki. Baba yangu aliingia kliniki akiwa na kikohozi, akatoka ndani ya sanduku. Nilitaka mtu wa kuniambia nisiende, nikamchagua mtoto." Akafunga macho. "Lakini nawe uliniambia. Basi kila mtu achukue chake."

"Ndiyo, Shemasi."

"Usilie hapa. Lorene atadhani nimekufa."

Sindano za kufumia ziliendelea kugongana. Taliyah aliiweka sahani mezani, akaaga. Alikuwa ameshafika kwenye lifti aliposikia hatua nyuma yake. Dada Lorene alikuwa amemfuata. Alimrudishia sahani, karatasi yake ya foili haijaguswa, akageuka akarudi chumbani. Taliyah akashuka nayo ghorofa zote, mbele ya watu, bado ina joto.

*

Muhula ulipofunguliwa, Curtis ndiye aliyemrudisha chuoni. Walikwenda mwendo mrefu redio ikiwa imezimwa, misonobari ikipita pande zote mbili za barabara, mashamba ya pamba yamebaki vijiti. Alipozungumza, alizungumza akiitazama barabara.

"Nimewaambia pale dukani."

"Umewaambia nini?"

"Yote. D, na mguu. Jumamosi, duka limejaa. Nilizima mashine kwanza, nisije nikamkata mtu."

"Walisemaje?"

"Walinyamaza. Unawajua wale wazee. Mimi sijawahi kuwasikia wamenyamaza. Halafu Elbert akasema, 'Curtis, kwani mtoto ndiye aliyekuwa anatutangazia hizo A, au wewe?'" Aliminya midomo. "Nilitaka kumtoa na nywele nusu kichwa. Lakini nilipokuwa nafagia jioni nikakumbuka. Kanisani ulikuwa umeshika kipaza sauti. Ulikuwa umevuta pumzi. Nilikuona. Nilikuona kabisa unataka kusema kitu, nikainuka."

"Ningeweza kukusahihisha."

"Ungeweza. Ungepaswa." Hakuilegeza sauti. "Dada Lorene hanisalimii mpaka leo, na sidhani kama atakusalimia wewe. Hilo utaishi nalo. Sina dawa yake."

"Najua, Baba."

Walipita kituo cha mafuta, wakapita kanisa dogo lenye paa la bati. Curtis alibadilisha mkono kwenye usukani.

"Hiyo kemia," alisema. "Ni kitu gani hasa kinachokushinda?"

Taliyah aligeuka akamtazama. Tangu aondoke nyumbani mwezi wa Agosti, alikuwa ameulizwa imekwendaje, ameulizwa amepata ngapi. Swali hili lilikuwa geni.

"Hutaelewa, Baba."

"Wewe pia huelewi. Tutakuwa wawili. Anza."

Akaanza. Alimweleza kwamba kila kitu kimeundwa kwa chembe, na chembe zina uzito wake, na ukitaka kujua ngapi zinaungana na ngapi huwezi kuzihesabu kwa macho, kwa hiyo unapima uzito, halafu kutoka kwenye uzito unapata idadi. Baba yake alimkatiza: uzito unageukaje kuwa idadi? Akaeleza tena, kwa misumari: ukijua msumari mmoja una uzito gani, unaweza kupima mfuko mzima ukajua imo mingapi. Hapo Curtis akaitikia kwa kichwa, akasema ameelewa. Taliyah akaendelea. Chembe za namna mbili zikikutana, moja huisha kabla ya nyingine, na ile iliyoisha ndiyo inayoamua, kwa sababu...

Akasimama. Akarudi nyuma kidogo, akajaribu tena, akasimama mahali pale pale.

"Kwa sababu?" aliuliza baba yake.

"Sijui," alisema Taliyah. Masikio yalimwaka moto, lakini hakugeuza uso dirishani. "Ni hapa. Mpaka hapa najua, kuanzia hapa sijui. Wao walisonga mbele, mimi nikabaki hapa tangu Septemba."

"Na kuna mtu huko chuoni anayelijua hilo la kwa sababu?"

"Kuna chumba kizima."

"Kinafunguliwa saa ngapi?"

Taliyah aliinamisha kichwa, akatoa simu, akaanza kutafuta.